Gari ya Bibi-arusi Haizimwi

Mimi gari naisikia kwa makalio. Wenye diplome wanafungua kapo juu ya injini, wanachomeka mashine yenye taa, wanasoma. Mimi nakaa kitini, na kile kiti kinaniambia kama motere iko na afya ao iko inanidanganya. Shule niliacha darasa la tatu, siku mwalimu alipomwambia baba yangu kwamba kichwa hiki kinafaa kubebea mizigo tu. Nikabeba. Nilibeba bandarini Kalundu mpaka nikapata kazi ya kuweka kigingi nyuma ya gurudumu la lori la muntu, nikiwa tayari na mke na watoto wawili. Kutoka kigingi nikafika kwenye vola, usukani wenyewe. Kutoka vola ya muntu nikafika kwenye vola yangu. Hakuna aliyenishika mkono. Nayasema haya mwanzoni ili msomaji ajue ni nani anayemweleza habari ya gari inayojizima yenyewe, asije akafikiri ni muzee aliyeogopa kitu kwa sababu hakijui. Niliogopa, ndiyo. Lakini nilikuwa na sababu.

Kwetu Uvira motere ikishaamka haizimwi ovyo. Lori za wakati wetu, demarere za kuwashia motere zilikuwa zimekufa zamani, na batri ilikuwa sanduku la kuwekea miguu. Ukizima kwenye tambarare ya Ruzizi, umelala hapo hapo. Kwa hiyo tulisimamisha kwenye mteremko tu, pua ikiangalia ziwa. Tulikula motere ikiunguruma. Tulinunua ndagala, dagaa wa ziwani, tulibishana na askari kizuizini, tulibatiza watoto, motere iko inaunguruma nje ya kanisa. Mke wangu hakungoja nibishe hodi. Sahani zikianza kutetemeka kabatini, aliweka maji ya bugali motoni.

Na juu ya hapo kuna sheria ya arusi. Toka Kasenga mpaka Katogota kila muntu anaijua: gari inayompeleka bibi-arusi haizimwi njiani. Ikiondoka mlangoni pa kanisa, inaunguruma mpaka mama wa bwana-arusi afungue mlango kwa mkono wake na kumpokea mutoto. Wazee wengine wanaieleza kwa maneno ya baraka na mababu. Mimi najua ilikotoka, kwa sababu nilikuwepo. Lori moja, si yangu, ilizimwa na shofere wake kwenye matope karibu na Kiringye. Alitaka kuokoa mafuta ya mazuti wakati wanaume wanatafuta mawe ya kuweka chini ya magurudumu. Haikuwaka tena. Bibi-arusi alishuka, akafunga gauni kiunoni kwa kitenge cha shangazi yake, akasukuma pamoja na wengine. Alifika kwa wakwe na matope mpaka masikioni. Leo ana wajukuu wanaooa, na bado kule kijijini hakuna anayemwita kwa jina lake. Wanamwita yule aliyesukuma. Anatumwa mutoto dukani kwake: nenda kaniletee chumvi kwa yule aliyesukuma.

Sasa unaelewa. Kwa miaka zaidi ya thelathini nimepeleka mabibi-arusi katika bonde hili, na hakuna hata mmoja aliyesikia motere yangu ikinyamaza. Familia zilikuja kuniuliza tarehe kabla hazijamuuliza padri. Na mtoto wangu wa mwisho, msichana, alikuwa na umri wa kukaa juu ya magoti yangu na kushika vola aliponiambia kwamba siku yake nitampeleka minye, si mwingine. Nikakubali. Ahadi kwa mutoto mdogo watu wanaichukua kama peremende, inayeyuka. Yake haikuyeyuka. Alikua, akawa mwalimu hapo Kasenga, akachumbiwa na kijana wa Katogota, na jambo la kwanza alilosema baada ya kutupa habari ni kuniuliza kama bado naendesha.

Naendesha, nikamwambia. Lori nilikuwa nimeiuza kwa ajili ya magoti, lakini dada yake mkubwa, anayefanya kazi Bujumbura, alikuwa ameshaahidi gari ndogo. Ikaja. Ilitoka Japani, vola upande wa kuume kama nyingi za huku, rangi ya ndagala mkavu, na kiwiko cha vitesi, gia yenyewe, si cha kupigana nacho: unaweka kwenye D unaenda, unaweka kwenye P unalala. Safi. Nilikwenda kuichukua mwenyewe, nikavuka nayo mpaka wa Kavimvira, na nilikuwa nimeshaanza kuipenda.

Kizuizi cha kwanza, askari akainua mkono. Nikakanyaga fere. Breki ikashika, gari ikasimama, na motere ikanyamaza.

Haikukohoa, haikutetemeka. Ilinyamaza tu, kama muntu aliyekumbuka kitu katikati ya maongezi. Nilisikia ziwa. Nilikuwa sijawahi kusikia ziwa nikiwa kwenye vola. Askari alinitazama, mimi nikamtazama, kisha nikapeleka mkono kwenye ufunguo kwa aibu, na katika kujisogeza nikainua mguu kwenye fere. Ikaamka peke yake kabla sijagusa kitu. Nilirudisha mkono kama niliyegusa nyoka.

Mpaka nafika nyumbani ilikuwa imezimika mara tano na kuamka mara tano. Sikumwambia muntu. Asubuhi nikaenda kwa fundi wangu, mzee mwenzangu wa pale Kasenga ambaye tumezeeka pamoja chini ya magari ya watu. Yule ana mikono ambayo ikikushika unanuka grisi siku mbili. Alizunguka gari, akaigonga, akainusa. Akasema ni esanse mbaya, petroli hii ya chupa za kando ya barabara. Tukamwaga, tukaweka nyingine. Ikazimika. Akasema ni buji, plagi za motere. Akazitoa zote, akazisugua zikang'aa kama meno ya mutoto. Ikazimika. Akasema basi ni batri, hii ya kwao Japani ni ndogo, imezoea baridi. Akaitoa, akaingiza batri ya kawaida, kubwa, ya kuaminika, na ile ya zamani akaipeleka kwa kwaya yao iendeshe baflo, spika zao.

Na gari ikapona. Siku nne haikuzimika hata mara moja. Tulisherehekea, mimi na yeye, kwa samaki mzima wa kuchoma. Siku ya tano ikaanza tena.

Hapo ndipo tulipoanza kuichunguza kama mchawi. Tuligundua kwamba asubuhi mapema, motere ikiwa bado baridi, haizimiki. Jua likiwaka sana na ile mashine ya baridi ya ndani inafanya kazi kwa nguvu, mara nyingi haizimiki. Lakini jambo lililotutisha lilikuwa jingine. Nikisimama kwa ajili ya mbuzi, ao mama anayevuka na beseni, inanyamaza halafu inaamka yenyewe. Nikisimama kumsalimia muzee, diakoni, chifu wa mtaa, inanyamaza na haiamki. Nazungusha ufunguo, kimya. Nazungusha tena, kimya. Baadaye nikituma muntu kumwita fundi, anakuja, anakaa, anasogeza kiwiko kwenye P kama alivyozoea, anazungusha, inaimba.

"Ndugu," fundi aliniambia siku moja, akifuta mikono, "hii gari iko naogopa wakubwa."

Nilimcheka. Lakini niliporudi nyumbani nilihesabu, na ilikuwa kweli. Kila mara ilipokufa kabisa, ilikufa mbele ya muntu wa heshima.

Lazima nieleze namna ninavyosalimia, kwa sababu vijana wa leo wanapiga honi wanafikiri wamesalimia. Mimi nilifundishwa hivi: mkubwa hasalimiwi kutoka kitini. Unasimamisha gari, unafungua mlango, unaweka mguu mmoja chini, udongo uusikie; mkono wa kuume unatoka, wa kushoto unashika kiwiko. Hata wakati wa lori, kiti kikiwa juu kama ghorofa, niliteremka mpaka ngazi ya mwisho na kugusa chini kwa kidole cha mguu. Motere inaunguruma, lakini mguu uko chini. Ndiyo sababu watu walinipenda barabarani, wala sikujipendekeza kwa muntu.

Wiki tatu kabla ya arusi tulikwenda Katogota kumaliza maneno. Nilibeba ndani ya gari kaka yangu, shemeji yangu na mbuzi mmoja. Baba wa kijana ni mkulima wa mpunga, mrefu, umri wangu, ana fimbo anayoitumia zaidi kuonyesha kuliko kutembelea, na mdomo wake unajulikana mpaka Kamanyola. Alikuwa amesimama barabarani akitungoja. Nikakanyaga fere. Motere ikanyamaza. Nikafungua mlango, nikaweka mguu chini, nikamsalimia vizuri kabisa. Kisha nikarudi kitini niingize gari uwanjani kwake, nikazungusha ufunguo.

Kimya.

Wakatoka watu kusukuma. Nani alijua kwamba gari ya namna hii hata ukiisukuma mpaka Bukavu haiwaki? Walisukuma. Walitoa jasho. Mbuzi alilia ndani. Watoto walifuata wakiimba. Mwisho shemeji yangu, ambaye hajui hata kuendesha baiskeli, aliegemea kiwiko cha vitesi wakati anashuka, kikaruka kwenye P, na nilipozungusha kwa hasira ikawaka. Lakini ilikuwa imechelewa, watu walikuwa wameshaona. Mukwe wangu mtarajiwa aliweka fimbo begani.

"Mukwe, ile njo gari utaniletea mutoto ndani?"

"Njo hii," nikasema.

"Basi utuambie mapema, tutume trakteri ya mpunga imuvute."

Walicheka hata watu wangu. Nilicheka na mimi, kwa meno tu. Nilikuwa najua kitu ambacho wote pale walikuwa wanakijua: kule bondeni tayari kuna mwanamke mmoja mwenye jina lile, na wana nafasi ya mwingine. Mtoto wangu angefundisha watoto wa watu maisha yake yote, na bado angeitwa yule aliyezimikiwa.

Familia ikakaa. Katika mambo ya arusi familia haikuulizi, inakuambia. Waliniambia kwamba itakodiwa jeep ya mtu wa mjini pamoja na shofere wake kijana, na kwamba minye nitakaa nyuma, na suti, kama wazazi wengine. Kaka yangu aliliweka kwa upole. Alisema nimeendesha vya kutosha, siku hii nipumzike. Nani alimwambia nimechoka? Mke wangu akaenda kutafuta ile suti, nikajua amekubaliana nao. Bibi-arusi mwenyewe alikuwa pale anamwaga chai. Aliweka kikombe mbele yangu, akaondoka.

Kesho yake baada ya shule alikuja na daftari la mistari na kalamu nyekundu. Akakaa kiti cha kushoto, akafunga mkanda, akaniambia tuende Kalundu turudi, na nisimame kila mahali ambapo ningesimama siku zote, nisibadilishe kitu. Nilimuuliza hilo daftari la nini. Akasema anataka kunisahihisha. Nilimwangalia vizuri. Mimi nimemlea, najua akicheka na akiwa hachezi.

Tukaenda kando ya ziwa. Nikasimama kwa mama wa ndagala, akaandika. Nikasimama kwa pikipiki zilizogongana vioo, akaandika. Nikamwona mzee mmoja niliyebeba naye mizigo ujanani, nikasimama, mlango, mguu, mkono, gari ikafa, binti akanyoosha mkono wake akasogeza kiwiko kwenye P, akaniambia zungusha. Ikawaka. Akaandika. Mpaka tunarudi Kasenga alikuwa amejaza ukurasa, na nilikuwa nimekasirika kabisa, kwa sababu kuendesha na muntu anayekuandika ni kama kula na muntu anayehesabu matonge.

Akafunga kalamu.

"Papa, gari haiko mugonjwa."

"Inazima kwa sababu ya afya?"

"Inazima kwa sababu umesimama. Walioitengeneza hawataki ichome esanse bure. Ukiinua mguu kwenye fere, inaamka yenyewe. Umeona kwa mama wa ndagala. Lakini ukifungua mlango, inafikiri umeshuka, umeenda zako. Inalala kabisa, na ufunguo haufanyi kitu mpaka uirudishe kwenye P."

"Gari inafikiri?"

"Weye kila siku unasema gari iko na akili."

"Nilisema iko na akili. Sikusema iko na mawazo."

Akanionyesha ukurasa. Kila mahali palipo na mlango palikuwa na alama nyekundu, na kila alama nyekundu ilikuwa muzee. Haikuwa inaogopa wakubwa. Ilikuwa ni mguu wangu. Heshima yangu yote ya miaka thelathini, mguu chini, ndiyo iliyokuwa inaiua. Halafu nikamwambia sitamsalimia muzee mwenzangu nikiwa nimekaa kama muntu anayeuza karanga dirishani, hata kama gari imetoka mbinguni.

Hakubishana. Aliinama chini ya vola akaanza kutafuta. Kitabu cha ile gari kilikuwa cha Kijapani, maandishi kama vijiti vilivyomwagika, hakuna aliyeweza kutusaidia. Lakini kwenye ubao, nyuma ya mkono wangu wa kuume, kulikuwa na vidude vitatu vya kubonyeza, na kimoja kilikuwa na herufi ndani ya mshale unaozunguka. Aliniuliza ile ni herufi gani. Mwalimu ni mwalimu. Nikamwambia ni A, hata aliyeacha darasa la tatu anaijua, ndiyo ya kwanza. Akasema nibonyeze. Taa ndogo ya manjano ikawaka. Tukatoka tena, nikasimama mbele ya nyumba ya diakoni, na motere ikaendelea kuunguruma. Nikaweka kwenye P, nikafungua mlango, mguu chini. Inaunguruma. Diakoni alitoka kuniuliza kuna shida gani, maana nilikuwa nacheka peke yangu na mguu mmoja nje.

Siku ile ile binti yangu alikwenda mbele ya familia. Hakueleza A wala mshale. Alisema atapanda gari ya Papa ao atakwenda Katogota kwa miguu, na viatu vyake vya arusi ni virefu, kwa hiyo waanze kufikiri. Jeep ikapewa kazi ya kufuata nyuma na kubeba shangazi.

Nilirudi pia kwa fundi kuitafuta ile batri ya kwanza, kwa sababu batri yake kubwa ya kuaminika ilikuwa imeshaanza kuchoka. Kuamsha motere mara thelathini kwa siku si kazi ya batri ya kawaida, na ile ndogo aliyoidharau ilikuwa imetengenezwa kwa kazi hiyo hiyo. Ni muuza batri wa Bujumbura aliyemwambia binti yangu mkubwa, si mimi niliyevumbua. Alisema pia kwamba zile siku nne gari ilikuwa inaijua kwanza batri mpya. Kwaya waliirudisha wakinuna, wakachukua ile kubwa. Fundi aliniambia alijua tangu mwanzo. Nikamwambia alijua kula samaki.

Siku yenyewe niliamka, nikavaa suti, nikawasha, nikabonyeza A. Taa ya manjano. Nikampeleka mtoto wangu kanisani hapo Kasenga. Wakati wa misa nikazima, maana padri wetu hataki motere chini ya dirisha wakati wa mahubiri, na sheria inaanza wakitoka. Wakatoka. Vigelegele, unga wa mchele, kila muntu ananivuta koti. Bibi na bwana wakakaa nyuma, nikawasha, tukaondoka, magari sita na pikipiki zisizohesabika.

Msomaji mwenye gari kama ile ameshaona kosa langu. Ile A haikumbuki. Ukizima kwa ufunguo na kuwasha tena, inarudi ilivyozaliwa, na lazima ubonyeze upya. Minye sikubonyeza.

Njia yote sikujua, kwa sababu njia yote sikusimama. Kwa bibi-arusi kizuizi kinainuliwa kabla hujafika, na mashimo yetu yanakupunguza mwendo lakini hayakusimamishi. Kiliba, Sange, Luvungi, honi, watu kando ya barabara wanapiga makofi. Kiringye tulipita, na nilimwona yule aliyesukuma, mzee sasa, amekaa mbele ya mlango na kitenge kizuri, anatupungia. Nyuma yangu mtoto wangu alikuwa anacheka na mume wake, na mimi nilikuwa naisikia motere kwa makalio, nzima kabisa, nikajiambia: muzee, umefika.

Kwenye mlango wa Katogota mukwe wangu alikuwa amesimama kando ya barabara, upande wa kuume, upande wa dirisha langu. Suti ya buluu, wazee wanne nyuma yake, kijiji kizima nyuma ya wazee. Akainua fimbo. Baba wa bwana-arusi akiinua fimbo, hupiti. Nikakanyaga fere.

Motere ikanyamaza.

Ngoma zilikuwa bado mbali, uwanjani. Pikipiki na magari mengine vilikuwa nyuma sana kwa ajili ya vumbi. Kilikuwa kimya ambacho kila muntu alikisikia. Niliona mwanamke mmoja akiweka mkono mdomoni. Niliangalia ile A, na taa ya manjano haikuwa pale.

Na mukwe wangu anakuja. Anatembea polepole, mkono wa kuume umeshaanza kunyooka, na uso wake unajitayarisha kusema jambo ambalo lingekaa Katogota miaka hamsini. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kitasa cha mlango. Haukuniuliza, ulikwenda wenyewe, kama ulivyokwenda kwa miaka thelathini. Mlango, mguu, udongo.

Nyuma yangu sauti ya mwalimu, ya chini kabisa:

"Papa. Mguu."

Niliuacha mguu mahali ulipokuwa, juu ya fere, na sijawahi kubeba mzigo mzito kama ule, hata Kalundu. Nikateremsha kioo. Nikamtolea muzee mwenzangu mkono nikiwa nimekaa, kupitia dirishani, mbele ya watu wake. Aliuangalia ule mkono. Aliangalia mlango uliofungwa. Kisha akaushika, na kwa sababu alikuwa ameshafungua mdomo, nilimtangulia.

"Mukwe, umesikia? Gari yangu imenyamaza kwa ajili yako. Barabara nzima haikunyamaza. Imengoja weye."

"Imekufa," akasema.

"Inakusalimia. Imemaliza kukusalimia, sasa inaenda."

Nikainua mguu. Na ile gari ya rangi ya ndagala, bila ufunguo, bila mkono wa muntu, ikaamka yenyewe mbele ya macho yao, laini, kama ng'ombe anayejua njia ya nyumbani. Mikono yangu yote miwili ilikuwa juu, nje ya vola, waone. Wakapiga kelele mpaka ndege wakaruka kwenye mpunga. Wazee wanne waliinama kuangalia chini ya gari. Mukwe wangu alisimama, fimbo hewani, na niliona lile jambo la miaka hamsini likitafuta mahali pa kukaa usoni mwake na lisipate.

Lakini yule si muntu wa kushindwa bure.

"Gari yako iko na adabu," akasema kwa sauti ya wote kusikia. "Imenyamaza mbele ya mukubwa. Ni weye uliyekaa kitini kama sufuria. Utalipa mbuzi."

"Nitalipa."

"Wa kiume."

"Wa kiume," nikasema, na tukaingia Katogota motere ikiunguruma.

Sasa hivi kule bondeni wamegeuza sheria. Familia zinakuja kuniuliza kama ile gari inayosalimia iko na nafasi, na nimesikia mashofere wa jeep wanazima kwa ufunguo kwa siri mbele ya baba wa bwana-arusi ili na wao waonekane, halafu wanahangaika kuwasha. Mmoja alisukumwa. Sikufurahi. Nilifurahi kidogo.

Lakini siku ile, uwanjani, mama wa bwana-arusi alikuja, akafungua mlango wa nyuma kwa mkono wake, akampokea mtoto wangu, na motere ilikuwa inaunguruma. Nilingoja mpaka gauni lote limetoka. Nikaweka kwenye P. Nikazima mwenyewe, kwa kidole changu. Ndipo nikafungua mlango, nikaweka miguu yote miwili chini, nikatembea mpaka kwa mukwe wangu, nikatoa mkono wa kuume, wa kushoto ukishika kiwiko. Aliuacha mkono wangu hewani, akaongea na huyu, akaongea na yule, akaniuliza kama nimeanza kuchoka. Nikamwambia nimebeba mizigo Kalundu, naweza kusimama hapa mpaka mpunga uive. Hapo akaweka fimbo chini ili aushike kwa mikono miwili.